Mbonyeo Usio na Tarehe

Nyambizi Namba Saba iliingia gudini asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Machi mwaka 1911, kwa kazi ya kawaida kabisa: kukwanguliwa makombe na magugu ya bahari, kupakwa rangi tumboni, na kurudishwa majini Ijumaa. Haikuwa imegongwa na kitu. Maji yalivutwa nje kwa pampu, na ndani ya lile shimo refu la mawe chombo kikabaki kimekaa juu ya magogo, kinachuruzika, kama nyangumi aliyefumaniwa bafuni.

Kilikuwa na mabaharia kumi na wanne na panya weupe watatu. Panya walikuwa wa kunusa hewa mbaya. Wakizirai, watu watoke. Kwa kuwa walikula posho ya serikali, waliandikwa kwenye daftari la chombo, na mwaka uliotangulia makao makuu yalileta barua kuuliza ni kwa kibali cha nani mmoja wao alikuwa amezaa.

Jabez Kitto alikuwa mkaguzi wa mabamba. Kwa miaka thelathini na moja alitembea kando ya matumbo ya meli na nyundo ndogo, akigonga moja baada ya nyingine zile ribiti, misumari minene inayoshikanisha mabamba, na kusikiliza. Ribiti nzima hulia. Iliyolegea hunung'unika. Mbovu hunyamaza, kama mtoto aliyevunja kikombe. Nyuma yake alifuata Uriah Spry na kipande cha chaki, akiweka alama pale alipoambiwa na maneno pale ambapo hakuambiwa.

Saa tano asubuhi, upande wa kushoto, hatua mbili nyuma ya mnara wa chombo, nyundo ilinyamaza.

Kitto akagonga tena. Kimya. Akapitisha kiganja. Bamba lilikuwa limebonyea, si sana: upana wa kisahani cha chai, kina cha ukucha.

"Nani kaigonga hii?"

"Mkeo," akasema Spry. "Alikuja kumtafuta Denzil, akakuta mlango umefungwa."

Denzil alikuwa fundi wa injini wa Namba Saba, na mtoto pekee wa Kitto. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mama yake Loveday bado alimfunga vifungo vya koti mlangoni.

"Nauliza kwa dhati, Spry."

"Na mimi nakujibu kwa dhati. Mama wa mtoto mmoja ana mkono mzito, shauri yako."

Kitto hakucheka. Mbonyeo wenyewe haukumsumbua, chuma hubonyea. Kilichomsumbua ni rangi. Bamba likipigwa, rangi hupasuka na kubanduka, chuma kikaonekana kama mfupa. Hapa rangi ilikuwa nzima, laini, haina hata mkwaruzo. Ni kana kwamba chuma kilikuwa kimejikunyata chenyewe, kama shavu linavyojikunyata likikiona kibao kinakuja.

"Zungushia chaki," akasema. Spry akachora duara kuuzunguka mbonyeo, wakaendelea na kazi.

Jumanne asubuhi duara lilikuwa palepale. Ila sasa lilikuwa ndani. Mbonyeo ulikuwa umepanuka kama sinia, na lile duara la chaki limekaa chini kabisa katikati yake, halijafutika, kama mboni katika jicho.

Spry aliitazama chaki mkononi mwake kwa muda mrefu. Kisha akaitia mfukoni, na siku hiyo hakutania tena.

*

Bwana Averell, msimamizi mkuu wa gudi, alikuwa mtu mwema ambaye hakuna jambo baya lililowahi kumfikia bila kupitia masjala kwanza. Alimsikiliza Kitto hadi mwisho, akavuta saraka, akatoa fomu.

"Uharibifu kwa kugongana," akasoma. "Safu ya nne, tarehe ya kugongana. Tuijaze. Lini?"

"Hakijagongwa, bwana."

"Safu ya tano, jina la chombo kilichogonga."

"Hakuna, bwana."

"Basi hakuna mbonyeo."

"Upo, bwana. Nimeugusa. Na unakua."

"Kitto." Averell alishusha sauti kwa huruma. "Kimbilio la mwisho ni kuandika 'haijulikani', na 'haijulikani' ilipigwa marufuku kwa waraka wa mwezi Novemba. Watu walikuwa wanaitumia ovyo."

"Twende ukauone mwenyewe, basi."

"Nikiuona," akasema Averell, akiirudisha fomu kwenye saraka taratibu kama anayemlaza mtoto, "itabidi niuandike."

*

Jumatano, king'ora cha chakula cha mchana kilipolia, wafanyakazi walipanda juu wote na gudi likawa tupu. Kitto alibaki chini. Mbonyeo sasa ulikuwa mrefu kama mlango wa kabati, na alitaka kuusoma.

Maana mbonyeo husomeka. Mkaguzi aliyezeeka kazini akiuona atakuambia kilichogonga kilikuwa na ukubwa gani, kilitokea wapi, kilikuwa na haraka kiasi gani. Huu ulichongoka wima, mwembamba juu, mnene chini. Pua ya meli ya mizigo. Tani elfu tatu hivi. Ilitokea nyuma, upande wa kushoto, haikupunguza mwendo. Haikuwa imeona kitu mbele yake.

Kitto akaliweka sikio lake kwenye bamba, kwa mazoea tu.

Ndani kuligongwa.

Akajitenga. Mfuniko wa mnara ulikuwa wazi, ngazi imeegemezwa, hakuna mtu. Mabaharia wote walikuwa kwenye bwalo, kelele zao za vijiko zilisikika mpaka chini. Akarudisha sikio.

Waligonga wengi. Mmoja kwa kiatu. Mmoja kwa spana. Mmoja kwa ngumi tupu, haraka haraka, kama anayeomba afunguliwe choo. Mafundi hujua mikono kama watu wengine wanavyojua sauti, na Kitto aliihesabu bila kutaka. Mikono kumi na minne.

Kisha kumi na mitatu.

Sauti ya kiatu ilikuwa imenyamaza. Akasubiri irudi. Haikurudi. Ikafuata ya ngumi. Baadaye zikanyamaza mbili kwa pamoja. Alikaa pale na sikio kwenye chuma baridi, mdomo wazi, akisikiliza watu wakipungua. Tisa. Sita. Watatu. Waliobaki waligonga polepole zaidi, kwa vituo virefu, kama watu wanaokumbuka kwamba walikuwa wanafanya jambo fulani.

Akabaki mmoja.

Mbili nyepesi, moja nzito. Kituo. Mbili nyepesi, moja nzito.

Huyo hakuhitaji kumkisia. Namna hiyo ya kugonga haikuwa ya jeshi wala ya karakana. Kitto mwenyewe aliibuni, na alimfundisha mtu mmoja tu duniani, juu ya jiko la chuma nyumbani, mtoto akiwa na miaka saba.

"Baba!"

Denzil alikuwa juu, ukingoni mwa gudi, jua nyuma yake, mkate wa nyama na viazi mkononi. Alikuwa akitafuna.

"Baba, umekula wewe?"

Ndani ya chuma: mbili nyepesi. Moja nzito.

*

Jioni ile walikaa mezani watatu. Kitto alieleza kwa kunong'ona, ingawa nyumba ilikuwa yao na majirani walikuwa viziwi wa kupenda.

"Usiende Ijumaa," akamaliza.

"Nimwambie nini Luteni akirudi likizo?" akauliza Denzil. "Kwamba baba yangu ameota?"

"Sikuota. Nilikuwa kazini."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, Baba. Ukiota kazini wanakufukuza. Ukisikia watu ndani ya chuma wanakupeleka kwa daktari."

"Basi ugua," akasema Loveday. "Nitakupikia kitu. Asubuhi utakuwa umeugua kweli, hata dhambi ya uongo huna."

Denzil akacheka. Akamshika mama yake mkono. Kisha kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo, kwa sababu hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Haya, nimeugua," akasema. "Na wale kumi na watatu? Niwaambie nini? Nendeni nyie, mimi nyundo ya baba imenikataza?"

"Waambie hivyohivyo."

"Mama."

"Mimi nimezaa mmoja tu, Denzil. Wale wana mama zao."

Denzil alimalizia chai yake, akaosha kikombe, akaenda kulala. Kitto alielewa jibu. Kama angemwokoa huyu, ilibidi awaokoe wote, na kama angewaokoa wote ilibidi akizuie chombo. Na chombo cha serikali hakizuiwi na kelele. Huzuiwa na karatasi.

*

Alhamisi asubuhi alirudi kwa Averell.

"Nimekumbuka, bwana," akasema. "Kiligongwa. Alhamisi iliyopita, tarehe tisa, saa nane mchana, mlangoni mwa bandari. Ni ile tagi ya kuvuta meli, Myrtle."

Alijaza safu zote kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya Jumapili. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya kazi, na alishangaa jinsi kalamu ilivyoteleza. Nahodha wa nyambizi, Luteni Ormerod, alikuwa likizo kwenye harusi ya dada yake, na bahati nzuri fomu ile haikuhitaji saini yake.

Averell aliisoma mara mbili, uso ukimng'aa. Akachukua kofia, akashuka gudini kwa mara ya kwanza wiki ile, akasimama mbele ya mbonyeo.

"Ala!" akasema. "Huu ni mbaya sana. Mbona hamkuniambia?"

Spry alilazimika kugeuka na kukohoa.

"Bamba libadilishwe, bwana," akasema Kitto. "Liwekwe jipya."

"Limepasuka?"

"Bado."

"Basi halibadilishwi. Lisilopasuka hupashwa moto, likanyooshwa palepale. Siku tatu, na moja ya majaribio. Badala ya Ijumaa kitatoka Jumanne. Umeridhika?"

Siku nne. Kitto alizipokea kama mtu aliyepewa mwaka.

Denzil alimkuta kwenye ngazi za mawe. "Baba," akanong'ona, "Alhamisi hatukuwa hata mlangoni mwa bandari. Tulikuwa tumefungwa gatini tunapakia mafuta."

"Nyamaza."

"Myrtle yenyewe ilikuwa inatengenezwa boila."

"Nimesema nyamaza, mwanangu."

Walilipasha bamba moto mpaka likawa jekundu kama kaa la jiko, wakaligonga kwa nyundo kubwa, wawili wawili, Ijumaa kutwa na Jumamosi kutwa. Lilinyooka. Jumapili baada ya ibada Kitto alishuka peke yake na kugonga ribiti zote za upande ule. Zililia safi, moja moja, kama kengele za kanisa la mji mwingine. Akaweka sikio. Hakuna kitu. Kimya cha chuma cha kawaida, kisicho na mtu.

Alikaa juu ya gogo akalia kidogo, kwa furaha. Kisha akaenda nyumbani, akala viazi sahani mbili.

*

Jumanne ilikuwa nyeupe. Hakuna ukungu, hakuna upepo, bahari imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Namba Saba ilitoka saa mbili asubuhi. Saa nne kasoro dakika chache, maili sita nje, ilikuwa inapanda kutoka chini ya maji baada ya mazoezi. Meli ya mizigo, tani elfu tatu na mia moja, ilikuwa inapita na shehena ya makaa. Nahodha wake aliona povu mbele. Alidhani ni samaki.

Alihisi mtikisiko mdogo, alisema baadaye. Kikombe chake hakikumwagika.

Ijumaa ile, siku ambayo Namba Saba ilipaswa kutoka, meli hiyo ilikuwa bado Wales inapakia.

Kitto aliarifiwa akiwa juu ya jukwaa, nyundo mkononi, kwenye tumbo la chombo kingine. Hakuuliza ni upande gani. Hakuuliza ni wapi kwenye upande huo.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku tatu. Kwa maelezo ya wapiga mbizi, ilikuta kwamba chombo kilipigwa upande wa kushoto, nyuma ya mnara. Ilikuta kwamba bamba la mahali hapo lilikuwa limepashwa moto hivi karibuni, likapoteza ugumu wake, likapasuka kama bati. Lisingeguswa, ilisema ripoti, huenda lingebonyea tu. Nahodha wa Myrtle aliitwa. Aliapa kwa Biblia kwamba hakuwahi kukigonga chombo hicho, kwamba tarehe tisa tagi yake haikuwa na boila. Alionyeshwa fomu. Tume ikaamua kwamba kumbukumbu ya nahodha ina kasoro. Kuhusu fomu yenyewe, ilitamka kwamba ilijazwa kwa ukamilifu wa kupigiwa mfano, na nakala zikasambazwa katika magudi mengine.

Loveday hakumlaumu mumewe. Alimuuliza swali moja tu, akiwa amempa mgongo, anamenya viazi.

"Angetoka Ijumaa, angerudi?"

Kitto alikuwa mtu wa kweli maisha yake yote, ukiondoa karatasi moja.

"Angerudi," akasema.

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea kumenya. Viazi viliisha, na kisu bado kilikuwa kinamenya.

*

Wapiga mbizi walikuwa wameshuka mchana wa Jumanne ileile ya ajali. Walisikia kugonga. Jumatano walisikia tena. Pale maji yalikuwa na kina kirefu mno, mkondo una nguvu, na minyororo ya kukiinua chombo ilikatika mara mbili. Alhamisi mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto, alipanda juu, akavua kofia ya shaba, akaketi kwenye sitaha.

"Ni mtu mmoja," akasema. "Mbili nyepesi, moja nzito."

Hewa ya chombo kile, kwa hesabu za wahandisi, ilitosha kwa muda wa saa tisa tu.

Baada ya wiki mbili walishuka mara ya mwisho, kuweka boya la alama. Bado ilikuwa inasikika. Waliandika kwamba ni kipande cha chuma kilicholegea kinachezeshwa na mkondo. Safu ya maelezo ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja, na maneno hayo yalienea vizuri. Kazi ya kukiinua chombo ikasitishwa.

Mwezi wa Mei, gudi likiwa tupu na kavu, linasubiri manowari iliyochelewa, mlinzi wa zamu alileta malalamiko ya maandishi. Kila asubuhi ngazi za mawe zinakutwa zimelowa. Si mvua. Si milango ya gudi kuvuja; milango ilipimwa. Ni nyayo. Miguu mitupu, ya watu wazima, kutoka chini kwenye sakafu kavu kuelekea juu. Zinafika getini. Za kushuka hakuna.

Bwana Averell aliona hatari moja tu, ya watumishi kuteleza. Akatoa waraka wa mistari miwili: ngazi zipigwe deki kila siku kabla ya saa moja. Kazi akapewa Spry.

Asubuhi ya kwanza Spry alifika na ndoo na fagio la matambara, akamkuta Kitto amekwisha tangulia. Amepiga magoti kwenye ngazi ya juu. Anahesabu kwa kidole, bila kugusa, kutoka jozi moja hadi nyingine. Alifika mwisho, akaanza upya. Maji ya nyayo yalikuwa na chumvi. Yalipokaukia pembeni yaliacha ukingo mweupe.

Asubuhi ya pili alikuwa pale. Ya tatu pia. Spry alisimama pembeni kila mara mpaka amalize, ndoo inampoza mkono.

Jumatatu, jua lilikuwa limepanda na saa ya karakana ilikuwa inakaribia kugonga. Spry aliinama karibu na sikio lake.

"Jabez, ndugu yangu," akanong'ona. "Wangapi?"

"Kumi na watatu."

"Nipige deki?"

Kitto alikuwa anatazama chini, kwenye sakafu ya gudi, pale ngazi zinapoanzia. Aliweka mkono wake juu ya fagio, taratibu, akalizuia.

"Ngoja kidogo," akasema. "Hawajaisha."